Gari Lenye Tarehe ya Mwisho: Sheria za Kustaafisha Magari na Hesabu ya Mnunuzi

Novemba 2008, cheti kinachomruhusu mkazi wa Singapore kuweka gari dogo barabarani kwa miaka 10 kilinadiwa kwa dola 2 za nchi hiyo. Si dola elfu mbili, dola mbili. Oktoba 2023 cheti cha kundi hilohilo kilifika dola 106,000, na cha magari makubwa kikafika 150,001. Na hapo gari lenyewe bado hujanunua. Kinachouzwa ni muda tu: miaka 10, kisha unafuta usajili au unalipa upya.

Habari za nchi zinazolazimisha magari kustaafu zikifika huku kwetu Afrika Mashariki huonekana kama mambo ya moshi na mazingira, starehe ya serikali tajiri. Mimi naona uzito wake uko mfukoni. Sheria ya umri ikishawekwa, mnunuzi haulizi tena gari ni bei gani. Anauliza mwaka mmoja wa kulimiliki utamgharimu ngapi, na siku ya mwisho ataondoka na nini mkononi. Aina ya gari, injini, mwaka wa kuliuza, hata chapa, vyote vinafuata hapo.

Kabla ya kwenda mbali, kuna mkanganyiko wa kuondoa. Tunapotaja "sheria ya umri wa magari" tunachanganya sheria za aina mbili. Ya kwanza inakaa mlango wa kuingilia: Kenya haipokei gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini ukishaliingiza unaweza kuzeeka nalo. Ya pili inakaa mlango wa kutokea: gari liko ndani tayari, lina mwenyewe na linatembea vizuri, ila tarehe ikifika linaondolewa. Zinafanana kwa jina, lakini sokoni hufanya kazi kinyume. Ile ya kuingilia inayapandisha bei magari makuukuu yaliyokwisha kuingia, kwa sababu wenzao hawaruhusiwi tena kufika. Ile ya kutokea inayashusha bei kadiri siku zinavyokwisha.

Japani, ambako magari yetu mengi yanatoka, haimo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Kwenye yadi yoyote utaambiwa kwamba "kule gari likifika miaka mitano haliruhusiwi kutembea." Si kweli. Japani haina sheria inayofuta gari kwa umri. Ina ukaguzi wa lazima uitwao shaken: wa kwanza gari likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Kila ukaguzi unakuja na bima ya lazima, kodi ya uzito na matengenezo, hivyo kila ifikapo mwaka wa 5, wa 7 au wa 9 mwenye gari anakaa chini na kujiuliza kama bili hiyo inafaa kulipwa au gari liende mnadani. Zamani kubana kulikuwa kukali zaidi, maana hadi 1995 gari la zaidi ya miaka 10 lilikaguliwa kila mwaka. Siku hizi gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Tena tangu 2005 mwenye gari hutoa mapema ada ya kulirejeleza litakapofika mwisho wake, na gari likiuzwa nje ya nchi ada hiyo inarudishwa. Hakuna askari anayemnyang'anya Mjapani gari lake. Anasukumwa taratibu mpaka mwenyewe anaona ni nafuu kuliachia lipande meli.

Singapore haisukumi taratibu. Utaratibu wa vyeti ulianza mwaka 1990. Serikali inapanga idadi ya magari, na vyeti vinanadiwa mara mbili kwa mwezi. Tangu Februari 2018 idadi ya magari binafsi hairuhusiwi kukua, kwa hiyo kwa sehemu kubwa vyeti vipya vinatokana na magari yaliyofutwa. Hapo ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu bei ya gari jipya leo inategemea watu wangapi walinunua miaka 10 iliyopita. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 vyeti vilikuwa haba, kwa hiyo muongo mmoja baadaye magari ya kufutwa yalikuwa machache, vyeti vikawa haba tena, na bei ya 2023 ikapanda namna ile. Waliosajili katika miaka ya neema ya 2016 na 2017 wanafika mwisho wao 2026 na 2027. Mnunuzi mjanja wa kule haangalii magari tu, anaangalia kalenda.

Sasa tupige hesabu yenyewe, kwa mfano wa tarakimu rahisi. Gari limefika bandarini likiwa na thamani ya dola 20,000. Juu yake kuna ushuru, kuna kodi ya ongezeko la thamani, kuna faida ya muuzaji, halafu kuna ada ya ziada ya usajili ambayo kwa dola 20,000 za mwanzo ni asilimia 100 ya thamani, yaani dola nyingine 20,000. (Juu ya hapo ada hupanda kwa ngazi hadi asilimia 320 kwa sehemu ya thamani inayozidi dola 80,000.) Cheti tuseme 100,000. Mnunuzi anaondoka dukani akiwa amelipa kama 170,000 kwa gari ambalo mtu wa Dar es Salaam angeliita la kawaida tu.

Fedha zote hizo hazipotei. Kwa utaratibu uliotumika miaka mingi, aliyefuta gari kabla halijatimiza miaka 10 alirudishiwa sehemu ya ile ada ya ziada: asilimia 75 kama gari halijazidi miaka 5, kisha ikipungua kila mwaka hadi asilimia 50 katika mwaka wa kumi. Likivuka miaka 10 hata kwa siku moja, hupati kitu. Serikali hurekebisha viwango inapoona inafaa. Mwaka 2023, kwa mfano, iliweka kikomo cha dola 60,000 kwa marejesho hayo, jambo lililowauma wenye magari ya kifahari. Na ukifuta mapema, muda wa cheti uliobaki nao unarudishiwa fedha zake kwa uwiano.

Kwa hiyo, kwa utaratibu huo, mwenye gari letu la mfano akilifuta mwaka wa tano anapata 15,000 za ada na 50,000 za nusu ya cheti. Dola 65,000 kutoka kwenye karatasi peke yake. Bodi na injini ataviuza kando kwa msafirishaji, na hapo ndipo gari linapogeuka kuwa nyongeza ndogo juu ya karatasi zake. Akingoja mwaka wa kumi anabakiwa na 10,000 za ada. Toa 10,000 kwenye 170,000, gawa kwa miaka 10: dola 16,000 kwa mwaka, sawa na kama dola 44 kila kunapokucha, gari litembee au lilale. Matangazo ya magari ya mtumba kule huweka gharama hiyo ya kila mwaka karibu na bei yenyewe, na wanunuzi wengi huanza na hiyo.

Ukishaielewa hesabu hii, tabia nyingi za ajabu zinaacha kuwa za ajabu. Bei ya vyeti ikiporomoka, watu hufuta magari mazima ya miaka minne au mitano. Mtu aliyelipia cheti ghali anarudishiwa kwa bei ile ghali aliyoilipa, kisha ananunua kipya kwa bei ya chini. Uamuzi huo hauhusiani na gari kuharibika. Bei zikipanda, mambo yanageuka: watu wanang'ang'ania magari yao, na wengine wanahuisha cheti mwaka wa kumi kwa miaka 5 au 10 zaidi. Anayehuisha analipa wastani wa bei za mnada wa miezi mitatu iliyotangulia, anapoteza marejesho ya ada, kodi yake ya barabara inaongezwa hadi asilimia 50 kidogokidogo, na akichagua miaka 5 hapati nafasi ya kuhuisha tena. Hata hivyo wengi huona inalipa.

Na kuna hili ambalo mimi nalipenda zaidi: sheria hii inawasukuma watu kwenye magari ya kifahari. Cheti cha dola 100,000 ni kilekile ukiweka juu yake gari la 40,000 au la 70,000. Penye bei za kawaida, gari la pili lingekuwa karibu mara mbili ya la kwanza. Penye cheti, tofauti ni 140,000 kwa 170,000, na mtu anajiambia kwamba kama fedha zinakwenda hivyo, basi na ziende kwenye kiti cha ngozi. Kampuni za Ulaya ziliisoma hesabu hiyo. Zilileta magari ya kifahari yenye injini ndogo zenye turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa ili ipate nguvu zaidi), yakaingia kundi la magari madogo na kuwabana wanunuzi wa kawaida, mpaka Februari 2014 serikali ikaongeza sharti la nguvu ya injini pamoja na lile la ukubwa wa cc 1,600.

Upande wa pili, sifa ya gari kudumu miaka 20 haina thamani kubwa Singapore. Nani ailipie miaka 20 wakati anaruhusiwa 10? Huku kwetu sifa hiyohiyo ndiyo kila kitu. Mtu ananunua Toyota akiwa anamfikiria mnunuzi wa tatu.

Delhi ni hadithi nyingine kabisa, na ni ya kusikitisha, kwa sababu tarehe ya mwisho ilikuja wakati magari yameshanunuliwa. India husajili gari binafsi kwa miaka 15, na kodi ya barabara hulipwa kwa kawaida mara moja mwanzoni. Novemba 2014 mahakama maalumu ya mazingira ya nchi hiyo iliamuru magari ya zaidi ya miaka 15 yasitembee Delhi. Aprili 2015 ikasema dizeli mwisho miaka 10. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ikatilia mkazo, kwa jiji na maeneo yanayolizunguka. Aliyenunua gari la dizeli 2010 alilipia usajili wa miaka 15, akajikuta amepewa 10. Hakuna wa kumrudishia ile mitano.

Mwenye gari alibakiwa na njia mbili: alipeleke kwenye chuma chakavu, au achukue hati ya kutokuwa na pingamizi na kuliuza katika jimbo lingine ambako sheria haifiki. Njia ya pili ndiyo yenye fedha, na imezaa biashara nzima. Dizeli kubwa ya miaka tisa iliyotunzwa na dereva wa nyumbani huko Delhi iliuzwa kwa bei ya kutupa, na muuzaji wa jimbo jirani aliifuata kwa furaha. Thamani haikufa, ilihama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Wanunuzi wapya walijifunza haraka kuiepuka dizeli. Nisiilaumu sheria hii peke yake, kwa sababu mambo mengine yalikuja pamoja nayo: Oktoba 2014 serikali iliacha kupanga bei ya dizeli, na Aprili 2020 viwango vipya vya moshi vikaifanya injini ya dizeli kuwa ghali kutengeneza kiasi kwamba Maruti Suzuki, kampuni inayouza magari mengi kuliko zote India, ikaachana nayo. Lakini kwa mtu wa Delhi hesabu ilikuwa nyepesi: petroli miaka 15, dizeli 10. Dizeli hula mafuta kidogo, ndiyo, ila hiyo nafuu ya pampu lazima ilipie theluthi nzima ya maisha ya gari. Kwa anayetembea kilomita nyingi inaweza kulipa. Kwa mstaafu anayekwenda sokoni na hekaluni hailipi hata kidogo.

Kisha ikaja Julai 2025. Tarehe 1, vituo vya mafuta vya Delhi viliagizwa visiyauzie mafuta magari yaliyopitwa na umri, na kamera za kusoma namba zikafungwa. Kelele zilizozuka zilikuwa kubwa kiasi kwamba ndani ya siku chache agizo lilisimamishwa. Agosti 12 Mahakama ya Juu ikazuia hatua za nguvu dhidi ya wenye magari kwa sababu ya umri pekee; Desemba ikapunguza kinga hiyo, ibaki kwa magari yaliyotengenezwa kwa viwango vya moshi vya India viitwavyo BS-IV na vya baadaye. Jiulize mnunuzi wa gari la mtumba mwenye miaka minane afanyeje katika miezi hiyo. Anachoweza ni kudai punguzo, si kwa ubovu wa gari, bali kwa kutojua kesho itasemwa nini. Hapo ndipo Singapore, pamoja na ughali wake wote, inawatendea wanunuzi wake haki zaidi. Tarehe unaijua siku unayotia saini.

China nayo ilibadilisha mawazo. Gari dogo la binafsi lilikuwa na kikomo cha miaka 15 mpaka Mei 2013, kisha kikomo cha umri kikaondolewa na kuwekwa mwongozo wa kilomita 600,000 pamoja na ukaguzi. Teksi ndogo zikabaki na miaka 8. Kwa mnunuzi wa mtumba wa kule funzo ni moja: soma kitabu cha gari kujua lilisajiliwa kwa kazi gani, kwa sababu gari lililowahi kubeba abiria kwa biashara halibebi masharti yale ya gari la nyumbani hata kama rangi inang'aa.

Turudi bandarini kwetu. Kuanzia Januari 1, 2026, Kenya inapokea tu magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Kila mwaka mstari unasogea mwaka mmoja mbele, na kila mwaka Desemba inakuwa na vurugu zilezile: gari la mwaka unaokaribia kufungwa lazima liwe limefika kabla ya Januari. Mnunuzi wa Nairobi anayeagiza gari la mwaka wa mwisho unaokubalika anapata bei nzuri Japani, lakini amebeba hatari ya meli. Meli ikichelewa hadi Januari, gari haliruhusiwi tena kuingia.

Uganda ilifunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi mwaka 2018. Tanzania haikufunga, imeweka bei kwenye umri. Gari dogo la miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na la zaidi ya miaka 10 asilimia 30. Watu huita "uchakavu", wakati mwingine kwa uchungu. Lakini asilimia 30 ya kitu cha bei ndogo ni ndogo vilevile, na ndiyo maana Toyota IST za toleo la kwanza, lililotengenezwa kati ya 2002 na 2007, zimejaa Dar es Salaam kama daladala. Gari ambalo Kenya imelikataa bado lina mnunuzi ng'ambo ya mpaka. Wasafirishaji wa Japani wanalijua hilo kuliko wabunge wetu.

Sheria ya mlango wa kuingilia ina athari ambayo mchumi Mmarekani Howard Gruenspecht aliieleza mwaka 1982, ingawa yeye alikuwa akizungumzia viwango vya moshi vya magari mapya. Ukiyapandisha bei magari mapya, watu watakaa na makuukuu kwa muda mrefu zaidi, na hewa inaweza isifaidike kama ulivyotarajia. Weka "magari ya miaka saba" mahali pa "magari mapya" na umeielezea Kenya. Kila mstari unapobana, gari la 2006 lililokwisha kuwa na namba za Kenya linapata ahueni: mwenyewe anaona kulibadilisha ni ghali, fundi anapata kazi, na bei yake ya kuuzia inakataa kushuka. Sheria iliyonuiwa kuleta magari machanga inayalinda yale makongwe yaliyowahi kuingia.

Hilo linaelekeza pia namna ya kununua. Kwenye nchi yenye kikomo cha kutokea, gari la bei nafuu zaidi kwa mwaka mara nyingi ni lile lililokaribia mwisho, kwa sababu mwenzako ameshalipia sehemu kubwa ya muda. Kwetu, ambako hakuna mwisho uliowekwa, kinachotawala ni spea, fundi na mnunuzi anayekuja baada yako. Gari la miaka minne lililofutwa Singapore linaweza kuwa zuri ajabu, halijawahi kuona chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji kama yale ya kaskazini mwa Japani. Ila hakikisha chapa ile ya Ulaya iliyokuwa na maana pale palipo na cheti cha dola laki moja ina spea kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya Kirinyaga Road, Nairobi.

Na soko letu limejitengenezea kipimo chake cha umri, kisichofuata mwaka wa kiwandani. Anayeagiza Nairobi gari la mwaka wa mwisho unaokubalika anafungiwa namba za herufi mpya kabisa, sawa na aliyeagiza la miaka miwili. Akitaka kuliuza miaka mitatu baadaye, herufi hizo zitatajwa kabla ya mwaka wa kutengenezwa, kama vile dalali wa Dar es Salaam anavyoandika "IST, namba E" na kuacha mengine uulize mwenyewe.